Mwaka wa Bonbon

Tata Mbuyi tulimzika asubuhi, na tuliporudi nyumbani kwake wanawake walikuwa tayari wanagawa bukari, ugali wetu, na samaki wa bitoyo chini ya turubai la bluu. Samaki alikuwa na chumvi nyingi, kama inavyokuwa kwenye kila kilio, na mimi nilikula sahani nzima kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Watu wengi pale sikuwafahamu. Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, ilitawanywa zamani, na wale waliokuwa majirani sasa hukutana kwenye vilio tu, wakatazamana usoni kwanza kabla ya kuitana majina. Ndivyo nilivyomtazama Kanku, mwana wa marehemu, alipokuja na kunishika bega. Ana mvi kando ya masikio sasa. Lakini bado ananiita yaya, dada mkubwa, kama alivyoniita nilipokuwa binti wa kuchapa barua kwenye chumba cha mbele cha baba yake. "Yaya Mwadi," akasema, "umalize kula, kisha uingie mu chumba. Kuko kitu. Mama alikatala tuiwashe mbele ufike." Niliona kupitia mlango uliokuwa wazi kitambaa cha kufuma kimefunikwa juu ya kitu cha pembe nne, na nikajua. Bonbon, kompyuta yetu ya zamani, ilikuwa bado hai.

Chumba cha mbele tulikiita sali. Ni neno la Kifaransa tu, la ukumbi, maana kulikuwa na kompyuta tatu ambazo watu walikuja kuchapisha barua asubuhi na kucheza michezo mchana. Mama Mbuyi, mke wake, hakuchoka kulicheka jina hilo. "Jina yake sali," alikuwa akisema huku anafagia, "mais sijaona hata mutu moja anasali mule." Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, mwingine wa mbao, na nyuma ya zile mbao ndipo Kanku alipolala. Dirisha lilikuwa na wavu wa kuzuia mbu uliojaa vumbi jekundu. Ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, kilikuwa chini. Nikikaa kimya kati ya mteja na mteja, nilisikia miguuni mwangu dum, dum, dum, za vyuma vya watu waliokuwa wakichimba kobalti chini ya nyumba ya jirani, na vumbi lilikuwa likiruka kidogo juu ya vitufe vya kompyuta kila chuma kilipopiga. Mwanzoni nilikuwa napangusa. Baadaye nikaacha.

Mtu ambaye hakuishi Kasulo miaka ile hataamini nikimwambia kwamba watu walichimba jikoni. Ulikuwa unaenda kumsalimu rafiki, unakuta kitanda kimesogezwa, turubai limetandazwa, na shimo jeusi limefunguka pale mlipokula pamoja wiki iliyopita. Wengine walijenga nyumba za ghorofa kwa shimo hilo, wengine walizikwa humo humo. Kwa Tata Mbuyi hapakuwa na shimo. Alikuwa karani mstaafu wa mgodi, mtu wa kuvaa koti hata kwenye joto, mzaliwa wa Kolwezi wa wazazi waliotoka Kasai, na alikuwa mbishi kupita kiasi. Siku moja ya mvua, wateja wakiwa wamekwama makwao, niliwasikia yeye na mkewe wakiongea uani, kando ya mbabula, lile jiko la makaa. Sikuwa natega sikio, mabati yalikuwa yanapiga kelele nao walilazimika kupaza sauti.

"Tata Mbuyi, batu bote banachimba," Mama alisema. "Siye tu njo tunalala juu ya franga."

"Mama, mi balinifukuza mara moja mu nyumba yangu. Ile siku balipita ku mulango. Leo unataka nijifukuze mi mwenyewe, nipite kwa chini?"

Nikasikia mwiko wa Mama unagonga sufuria. "Sawa. Na Kanku? Kama hapa hakuna kishimo, ataenda mu ya bengine."

"Kanku atabakia mu sali. Juu ya ile njo nilifungua sali."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu hasa ilikuwa nini. Nilidhani naajiriwa kuchapa barua. Kumbe zile barua zilikuwa za kulipia umeme tu, na michezo ndiyo iliyokuwa kamba ya kumfungia kijana mmoja juu ya ardhi. Kanku alikuwa na miaka ishirini, mabega mapana, hana kazi, na rafiki zake wote walikuwa wanashuka mashimoni. Alicheza mpira kwenye kompyuta kubwa kati ya zile tatu tangu mchana hadi jua linazama, na wenzake wakamzunguka wakipiga makelele, na baba yake alikuwa akipita mlangoni mara kwa mara akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Kisha mashine zikaugua. Kila mteja alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuwa na virusi vyake, vya Lubumbashi, vya Likasi, vya sijui wapi. Windows yetu ilikuwa ya kunakili, haikuwa na kinga yoyote, na ikawa inachukua muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi kabla ya kufungua ukurasa. Mchezo wa mpira ulikuwa wa kwanza kufa. Wenzake Kanku waliacha kuja. Asubuhi moja nilifika kazini nikamkuta amekaa kizingitini, anafunga mkanda wa taa ya kichwani, ile wanayovaa wachimbaji. Aliponiona aliificha chini ya shati. Sikumwambia baba yake. Nilikwenda moja kwa moja kwa Dido.

Dido alikuwa jirani, alisoma kompyuta chuoni Lubumbashi na alikuwa amerudi kwa sababu masomo yalisimama. Alikuwa na maneno mengi na moyo mzuri. Akaniambia dawa siyo kutafuta Windows nyingine, dawa ni Linux, ambayo virusi vya flashi zetu haviiwezi na ambayo hailipiwi. Nikamuuliza inauzwa wapi. Akacheka, akapanda basi la Lubumbashi, akarudi na flashi tatu, kila moja ameifunga uzi wa rangi yake. Maana Linux, alitueleza, si moja. Ni kama bukari, unga ni ule ule, lakini kila nyumba ina namna yake ya kusonga. Uzi mwekundu ulikuwa Ubuntu. Uzi mweusi ulikuwa Debian. Uzi wa kijani ulikuwa Mint. Ilibidi tuchague moja, na tuchague upesi, kabla Kanku hajazoea ile taa.

Sijawahi kuona watu watatu wanaopendana wakibishana kama tulivyobishana sisi. Tata Mbuyi alichagua kabla hata ya kuona. "Ubuntu? Mais ile ni bumuntu!" alisema, akasimama kabisa. Bumuntu kwa Kiluba cha kwao Kasai ni utu. "Ile ni neno ya kwetu! Tunatafuta nini tena?" Dido akamjibu kwa adabu, "Tata, jina haiwezi kukimbiza mashine." Yeye mwenyewe alitaka Debian, tena isimikwe bila madirisha wala picha, skrini nyeusi tupu ya kuandikia amri, kwa sababu alisema mtu akijifunza kwa shida hasahau. Nilimwambia mteja wangu hana haja ya kukumbuka, ana haja ya barua. Nilijua jinsi wateja wanavyoketi. Mtu anakuja na karatasi yake, anakaa, na kidole chake kinakwenda chini kushoto kutafuta pa kuanzia. Asipokuta kitu pale anaona aibu, anasema nitarudi, na harudi. Kwa hiyo nilitaka inayofanana na ile waliyoizoea. Dido akasema hiyo ni Mint, na Tata Mbuyi akakunja uso. "Menthe? Kama bonbon?" akauliza, maana Mint ni mnanaa, ladha ya pipi tunazoziita bonbon. "Nibaambie batu kama mashine yangu inafanya na bonbon?"

Ni mimi niliyesema tumwite Mama. Hakuwa amegusa kompyuta maishani mwake, na kama kuna kitu Mama Mbuyi hakuwa nacho ni adabu ya uongo. Alikuja anafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, mikono ina harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, akaketi kwenye kiti kana kwamba anakaa kwa kinyozi. Dido akampa kwanza uzi mweusi, maana flashi zile ziliweza kujaribiwa kabla ya kusimikwa. Mama akatazama kale kamstari kanakowaka na kuzima kwenye giza, akasubiri, kisha akamgeukia. "Mwana, inaniuliza nini?" Haiulizi, Mama, Dido akamjibu, inangoja wewe useme. "Basi tutakaa hapa mpaka kesho," akasema. Uzi mwekundu ulikuja na rangi nzuri na picha kubwa pembeni, na Tata Mbuyi akasogea karibu kwa fahari, ila mashine yetu ilikuwa kuukuu na kumbukumbu yake ndogo, na kila Mama alipobonyeza ilibidi sote tusubiri. Akatutazama mmoja mmoja. "Iko inapika?" Hata Tata Mbuyi alicheka, ingawa niliona imemuuma. Uzi wa kijani, ule wa sura nyepesi ambayo Dido alikuwa ameichagua kwa ajili ya mashine za zamani, ulifunguka bila makuu. Kidole cha Mama kikatangatanga, kikashuka chini kushoto chenyewe, orodha ikafunguka, akakuta karata. Hakuna aliyemfundisha. Alicheza karata mpaka sombe ikaungua jikoni, tukaila hivyo hivyo na harufu yake ya moshi, na hakuna aliyelalamika. "Ni hii," akasema. "Ni hii bonbon."

Basi ikawa Bonbon. Kasulo yote iliita hivyo. Watu walikuja wakasema, "Unifungulie bonbon, niko na barua," na sidhani wengi wao waliwahi kulisikia jina la Linux.

Tuliisimika kwenye ile mashine kubwa Jumapili baada ya misa, Tata Mbuyi akiwa bado na koti la kanisani. Flashi ikaingia, maswali yakaanza kwa Kifaransa, lugha, saa, jina. Kisha likaja swali moja lenye majibu mawili, na Tata akavaa miwani akayasoma kwa sauti. Jibu la kwanza lilikuwa kusimika pembeni ya Windows iliyopo, *installer à côté*. La pili lilikuwa kufuta diski yote na kusimika, *effacer*. Dido alikuwa tayari amepeleka mshale kwenye la pili. Alikuwa sahihi. Diski ilikuwa ndogo, na kuziweka zote mbili kungekula nafasi ya michezo ambayo ndiyo iliyotuleta pale.

"Apana," Tata Mbuyi akasema. "Usifute."

"Tata, ile ya zamani iko na virusi!"

"Mutu akigonjwa, banamufukuza mu nyumba?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mupya iingie. Ikae pembeni. Ya zamani ibakie mu nafasi yake. Bitaenea."

Dido alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Kila mtu Kolwezi anajua watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, walilala stesheni wakingoja treni na magodoro yao, na wengi hawakufika walikokuwa wanapelekwa. Tata Mbuyi alikuwa kijana wakati huo. Nyumba yake alipewa mtu mwingine siku hiyo hiyo, sahani zikiwa mezani. Waliomfukuza walizungumza lugha ya nyumbani kwetu sisi, na mimi, niliyekuwa sijazaliwa, niliona aibu pale nilipoketi, aibu ya kweli ya kupandisha damu masikioni. Naye aligeuka akanitazama, akaniambia, "Mwadi, mwana yangu, bonyeza we." Nikabonyeza *à côté*. Nadhani sijawahi kuheshimiwa na mtu kama nilivyoheshimiwa kwa neno lile.

Michezo iliyoenea katika nafasi iliyobaki ilikuwa michache. Kulikuwa na mbio za magari madogo yanayoendeshwa na wanyama, mmoja ndege mnene wa nchi za barafu ambaye Mama alimwita bata. Manette, kile kishikio cha kuchezea, kilitambulika palepale bila kusimika chochote, na Dido alirukaruka kama amefunga bao. Mpira ulikuwa na shida zaidi. Ulitengenezwa kwa Windows, na ili ukubali kucheza kwenye Bonbon ulipitia programu iitwayo Wine, yaani divai. Tata Mbuyi akasema sasa tuna bonbon na divai, tumebakiza keki tufunge ndoa. Ulicheza, lakini kwa sababu ambayo Dido hakuijua hata mwisho, wachezaji wote hawakuwa na sura. Walikimbia, walipiga, walishangilia, na mahali pa uso palikuwa peupe. Kanku alifika, akasimama mlangoni. Akatutazama sisi watatu tumejipanga kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Akaketi. Akawapa wachezaji majina ya watu wa mtaa wetu, huyu fundi cherehani, huyu katekista, na sali ikajaa kicheko tena. Siku hiyo hakwenda kokote. Wala kesho yake. Akaanza kuwasaidia wateja, kuwaonyesha pa kuingiza flashi, na mimi nikawa naenda kula mchana bila wasiwasi.

Wiki chache baadaye dum, dum, dum chini ya miguu yangu ikanyamaza. Kanku alikuwa amesimama kando yangu, anamwelekeza mwanamke mmoja jinsi ya kuchapisha picha. Kwanza hatukuelewa. Sakafu ilitikisika kidogo tu, wino ukamwagika, halafu tukasikia nje wanawake wanaanza kulia. Ilikuwa shimo la jirani, lile Kanku alilokuwa akishuka siku zile nilipoiona taa. Rafiki yake Trésor alitolewa maiti baada ya siku mbili. Kanku alichimba kwa mikono pamoja na wengine, na baba yake hakumzuia, alisimama ukingoni na koti lake likiwa jekundu kwa vumbi mpaka kijana wake alipotoka.

Baada ya hapo walikuja watu wenye makopo ya rangi. Waliandika namba kwenye kuta, nyumba kwa nyumba, wakasema mtaa unafungwa, utazungushiwa ukuta, kila familia ihame. Waliochimba na ambao hawakuchimba waliandikwa namba za aina moja. Tata Mbuyi alizunguka nyumba yake, akaisoma ile namba kama anasoma kaburi, akaingia ndani. "Mara ya pili," alimwambia mkewe. Dido alifungua mashine kwa uangalifu, akazifunga kwenye blanketi. Sisi wa kwetu tulienda upande wa Musonoi, wao wakaenda mbali zaidi, Dido akavuka mpaka na sijamwona tangu hapo. Mama Mbuyi alipanda lori akiwa amepakata Bonbon mapajani kama mtoto, maana hakumwamini dereva.

Haya yote niliyafikiria nikiwa nimesimama chumbani siku ya kilio, Kanku akiondoa kile kitambaa cha kufuma. Plastiki imekuwa ya manjano. Alisema watoto wake wamemsihi mara nyingi afute ile Windows ya zamani, kwani hakuna aliyeifungua kwa miaka, na yeye amekataa kwa sababu mzee alikataa. Nikamwambia ninachokiamini tangu ule mwaka, kwamba hata tusipofanya kitu kingine maishani, mimi na Dido na baba yake tulichagua vizuri. Kwamba ule mchezo ulimwokoa.

Kanku alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akifuta macho. "Yaya, nikuambie kitu? Ule muchezo ulinichosha mbio. Magari na bata! Na mupira ya batu bila sura, ile njo ilinichosha zaidi."

"Sasa juu ya nini ulibakia?"

"Ukuta yetu ilikuwa ya mbao," akasema. "Mi nilikuwa mu kitanda, ngambo. Ile siku ya flashi nilibasikia bote. Minye batatu munabishana, munatosha hii, munaweka ingine, Mama anaunguza sombe. Kama batu banatafutia mugonjwa dawa. Nikajiuliza, ule mugonjwa njo nani? Kumbe ni mi." Akakunja kile kitambaa cha kufuma. "Basi ningeshuka mu kishimo namna gani?"

Nililia pale, kwa sauti, kama nilivyoshindwa kulia makaburini. Mama Mbuyi aliingia na kitambaa chake cha kilio kichwani, akatutazama. Aliketi mbele ya mashine na kuiwasha. Baada ya muda skrini nyeusi ikaleta mistari miwili, wa Bonbon juu na wa Windows ya zamani chini yake, mmoja jirani na mwingine, kama mzee alivyotaka. Mama akabonyeza wa juu. Mashine ikaanza kunguruma polepole.

"Iko inapika," akasema.

Orodha ilipofunguka kidole chake kilishuka chini kushoto, kikatafuta karata. Kanku akavuta kiti cha baba yake, akaketi pembeni yake.